Siku Nesi Alipoanza Kumheshimu Bibi

Bibi yangu hajawahi kumwambia mtu "hapana" maisha yake yote. Yeye husema "kesho, inshallah". Ukimpelekea dawa chungu anaipokea kwa mikono miwili na kukuombea dua ndefu, Mungu akupe mume mwema, akupe watoto wenye adabu, akuepushe na hasidi, halafu anaiweka dawa kando ya mto na kusema, "Kesho, inshallah." Unaondoka umefurahi kabisa. Ukishafika mlangoni ndipo unakumbuka kwamba dawa haijanywewa.

Nyumbani kwetu Magomeni, hapa Bagamoyo, tabia hiyo tuliizoea na tukaicheka. Wodini iliniogopesha.

Alikuwa amevunjika paja. Siku ya kuamkia Idi alipanda kwenye kigoda ili atundike pazia jipya. Nilikuwa nimemwambia anisubiri nimalize kukaanga bagia nitundike mimi, naye akasema sawa, mjukuu wangu, na nilipompa mgongo tu akapanda. Akapelekwa Dar, wakamtia chuma kwenye mfupa, wakamshona vizuri, kisha wakamrudisha kwetu amalizie kupona karibu na ndugu zake. Daktari wa hapa, kijana mpole anayeongea huku anatazama viatu vyake, akanivuta pembeni.

"Dada, mfupa umeshika," akaniambia. "Kilichobaki ni yeye kusimama. Mtu wa umri wake akiachwa alale tu, mapafu yanajaa, mgongo unachubuka, miguu inasahau kazi yake. Asipoanza kusimama sasa, hatasimama tena."

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi na hayo maneno. Bibi ndiye aliyenilea. Na katika mtaa wetu yeye ndiye anayejua nani kajifungua, nani kaposwa, nani karudi kwa mumewe na nani karudi kwao, na habari hizo huwa hangoji ziletwe, anazifuata kwa miguu yake, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni. Nilijaribu kupata picha ya bibi wa kukaa kitini akingoja kusimuliwa, picha ikakataa.

Manesi wetu hawakuwa wabaya, nitawasingizia bure nikisema walikuwa. Walikuwa wanakuja kwa adabu. "Bibi, leo tujaribu kusimama kidogo?" Naye anawashika mikono. "Wanangu, Mungu awazidishie. Mnafanya kazi nzito nyie, pepo yenu ipo. Kesho, inshallah." Wanaondoka wanatabasamu, kama mimi na dawa zangu. Hata yule mtaalamu wa mazoezi, mwanaume mzima mwenye mabega, aliombewa dua mpaka akasahau kilichomleta. Adabu ya bibi ilikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa vizuri, unausifia uzuri wake halafu unarudi ulikotoka.

Halafu akarudi kutoka likizo nesi mmoja mfupi, mnene kidogo, anayetembea kama kuna kitu anakiwahi. Kicheko chake kilikuwa kinatangulia kuingia wodini kabla yake. Siku hiyo nilikuwa nampozea bibi uji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo wote. Kwenu wapi, bibi yangu?"

"Mimi Mkwere, mwanangu. Kwetu hasa Lugoba, ila nimezeekea hapa."

Nesi akakiweka chini kipimo chake cha presha. Akashika kiuno.

"Mkwere?"

"Mkwere."

"Na umelala kwenye kitanda changu?"

Bibi akamtazama vizuri sasa, kwa mara ya kwanza, kuanzia viatu mpaka kofia. "We wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi wa baba na mama."

"Yallah!" Bibi akajifunika uso kwa kanga. "Jamani nirudisheni nyumbani kwangu. Nimeletwa kwa watani wanimalize!"

Anayejua utani wa huku hahitaji kuelezwa. Wazee wa Kinyamwezi walikuja pwani hii kwa miguu, wakagombana na wazee wetu, wakapatana, na tangu hapo Mnyamwezi na sisi tunaruhusiwa kuambiana lolote na kunyang'anyana hata kitoweo jikoni. Kosa moja tu lipo, nalo ni kukasirika.

"Haya, mtani, amka tusimame," nesi akasema.

"Kesho, inshallah. Mungu akuzidi..."

"Kesho ya nani? Hizo dua waombee wakwe zako. Nyie Wakwere mkisikia kuna ngoma Chalinze, hata aliyevunjika miguu yote miwili anafika kabla ya mpigaji. Leo kusimama tu hapo ndiyo unaniletea inshallah?"

"Mwoneni huyu! Babu zenu walipofika hapa si walisimama ufukweni wakauliza nani kamwaga maji yote haya?"

"Waliuliza. Wakajibiwa ni machozi ya Wakwere walioambiwa wakalime."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na alipokuwa anacheka mimi nikaona jambo ambalo yeye hakuliona. Mkono wa nesi ulikuwa umeshapita nyuma ya mgongo wake. Mwingine umeshika magoti. Akamzungusha polepole, kama mtu anayegeuza chapati ambayo hataki ipasuke, na bibi alipofuta machozi akajikuta amekaa ukingoni mwa kitanda, nyayo ziko chini.

"Nani kaniweka hapa?"

"Umejiweka mwenyewe, mchovu mkubwa."

Kuanzia siku ile nikawa namfuata yule nesi kwa macho kama mtoto anayefuata gari la ice cream. Mdomo wake ulikuwa unafanya kazi moja, mikono yake inafanya nyingine kabisa. Mdomo unamwita bibi mvivu na mlafi, mikono inavuta pazia kwanza ili watu wasimwone akifutwa mwili. Anasugua viganja vyake vipate joto kabla hajamgusa. Akimgeuza anamwambia kabla, "Sasa nakugeuza upande wa dirisha," hamshtukizi. Alinifundisha na mimi kuangalia mgongo na makalio kila nikimfuta, nipapase kama kuna mahali pamekuwa pa moto au pamelainika kuliko kwingine, maana kidonda cha kulalia kinaanza hivyo, kimyakimya.

Mimi kichwani nilishavaa sare. Kidato cha nne nilipata matokeo ambayo mama aliyasoma mara moja akayakunja, na biolojia ndiyo iliyoniaibisha kuliko yote, lakini kichwani hakuna mtihani. Kichwani nilikuwa na wodi yangu mwenyewe yenye mapazia ya maua, na wagonjwa wangu wote wanacheka huku wanapona. Siku nyingine niliota hivyo mpaka uji ukapoa, bibi akauliza, "Umeshaolewa humo au bado?"

Akaanza kusimama kweli. Kwanza kwa kushika ukingo wa kitanda. Kisha kwa kile kifaa cha vyuma cha kujiegemeza, ambacho bibi alikiita kiti kisichokuwa na makalio. Akawa anafika miguuni mwa kitanda na kurudi, anamtukana Mnyamwezi kwa kila hatua, na Mnyamwezi anamrudishia.

Kwenye kitanda cha jirani, kilicho dirishani, alilala mama wa Kichaga kutoka Rombo, mtu mzima kama bibi. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imejaa maji. Alikuwa kimya sana. Alikuja kuishi huku kwa binti yake, mwalimu anayefundisha upande wa Mbegani, na mwalimu huyo alikuwa haikosi saa ya kuona wagonjwa. Anakuja na chupa ya chai, anamkanda mama yake miguu, kisha anasahihisha madaftari ya wanafunzi magotini huku mama yake amemtazama. Nesi wetu akifika pale alikuwa mwema, anasalimia, anapima, anatoa dawa, anaondoka. Hakuna alichokosea. Kicheko tu alikuwa anakiacha kwetu.

Basi siku moja bibi aliamka na maumivu akagoma. Nesi hakubishana. Akachukua shuka jeupe lililokunjwa, akalikunjua, akaanza kumpima bibi nalo kuanzia utosini mpaka vidoleni.

"Unafanya nini, we Mnyamwezi?"

"Lala tu. Napima sanda. Nisije nikakata fupi, maana nyie hata kaburini mtalalamika. Pilau tupike Ijumaa au Jumamosi? Mimi Jumamosi niko zamu."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, akasimama. Na mimi nikacheka. Ila mwalimu alikuwa pale na chupa yake ya chai, akaweka kalamu chini.

"Mdogo wangu," akaniambia taratibu, "na wewe unacheka?"

"Ni mtani wake, mwalimu."

"Utani naujua. Hata sisi tuna watani wetu, Wapare. Lakini yule yuko kazini, na bibi ni mgonjwa." Akamtazama mama yake, aliyekuwa amegeukia dirisha. Akaondoka kwenda kumtafuta mkuu wa wodi.

Ofisi ya mkuu wa wodi ni kipande cha korido kilichozungushiwa mbao nyembamba, na sinki la kuoshea vyombo liko upande wa pili wa hizo mbao. Nilikuwa naosha kikombe cha bibi. Nilikiosha sana.

"Ulimpima mgonjwa sanda?" Mkuu wa wodi ni mama mrefu, miwani inaning'inia shingoni, sauti yake haipandi hata akikasirika.

"Nilimpima, sista. Kwa utani."

"Mbele ya wenzake."

"Ndiyo."

"Yule mama wa dirishani moyo wake ndio huo unaoujua. Amelala anasikia habari za sanda kitanda cha pili. Ulimfikiria?"

Maji yalikuwa yananitiririkia mikononi. Nikafunga bomba nisikie.

"Sikumfikiria," nesi akasema.

"Na yeye akitaka kucheka, acheke na nani? Mkwere ana mtani humu. Mchaga ana nani? Ukishavaa hiyo sare huna kabila, mdogo wangu. Kabila uliache getini ulikoacha baiskeli yako. Tumeandika ukutani lugha nzuri kwa kila mteja, hatukuandika isipokuwa watani. Nikiletewa lalamiko la pili itabidi nilipeleke juu, na huko juu hawajui kucheka. Kuanzia leo, lugha moja kwa wote. Sawa?"

"Sawa, sista."

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Nilitaka nimwambie yule mkuu kwamba kabla ya utani bibi alikuwa gogo. Lakini lile neno, acheke na nani, liliingia ubavuni na likakaa. Sikuwa nimelifikiria na mimi, pamoja na wodi yangu yote ya kichwani yenye mapazia ya maua. Nesi alinikuta kwenye benchi la nje. Macho yake mekundu.

"Usimwambie bibi," akaniomba. "Atagombana na jirani yake bure, na yule dada ana haki. Nitaongea tu vizuri, basi."

Kesho yake akaja, kicheko hakikutangulia.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje? Naomba ruhusa nikupime presha."

Bibi akageuka nyuma kuangalia nani anaambiwa.

"We Mnyamwezi, nani kafa?"

"Hakuna, bibi yangu mpendwa. Je, utapenda tujaribu kusimama kidogo?"

Bibi alimtazama muda mrefu. Kisha uso wake ukatulia, ukawa ule uso wa wageni. "Mungu akuzidishie, mwanangu," akasema. "Kesho, inshallah."

Nilijua tumerudi ukutani.

Siku zilivyoenda nesi akazidi adabu na bibi akazidi dua. Kile kifaa cha vyuma kikawa cha kuanikia taulo. Halafu jioni moja bibi akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, sema kweli. Daktari kasema nini?"

"Kasema usimame, bibi. Hicho tu."

"Na huyu mtani wangu ana nini?"

"Amechoka tu na kazi."

Bibi alinilea mwenyewe, uongo wangu anaujua tangu ukiwa tumboni. "Sikiliza," akasema. "Mtani hata maiti haiheshimu. Anaikalia kwenye jeneza, anaiiga ilivyokuwa ikitembea, anaidai. Sasa mimi ananiheshimu. Basi hali yangu imeshapita ya maiti."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Akanituma kwa mgeni mmoja aliyekuwa anakwenda Chalinze apeleke salamu kwao. Salamu zenyewe zilikuwa fupi, njooni mnione. Na watu wa Lugoba wakiambiwa hivyo hawaulizi swali.

Siku ile ile nilipokuwa namfuta mgongo, nikapapasa kama nilivyofundishwa, na juu kidogo ya makalio kidole changu kikakutana na mahali pa moto, ngozi imelainika kama ndizi iliyoanza kuiva kupita kiasi. Nikamwita nesi. Akaangalia, akamgeuza bibi ubavu, akaweka mto katikati ya magoti, akanionyesha jinsi ya kumgeuza tena baadaye. Alifanya kila kitu sawasawa. Alipomaliza akasema, "Pole sana, bibi," akatoka haraka, na mimi nikamwona koridoni anajifuta uso kwa mkono wa sare.

Jumamosi asubuhi wakaja wa Lugoba. Mdogo wake bibi alianza kulia tangu getini, akiwa ameshajifunga kanga kiunoni tayari kwa msiba. Wazee wawili waliketi koridoni wakaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Binamu mmoja alikuja na kuku hai kwenye kikapu, maana matanga hayaendwi mikono mitupu. Na bibi amelala chali, anawagawia kanga zake kwa rangi na michoro, ile ya korosho mchukue wewe, ile ya zambarau mpe fulani.

Mkuu wa wodi akatokea mlangoni. Nyuma yake nesi, amebeba sinia la dawa. Kuku akalia.

"Nani amefariki wodini kwangu?" mkuu akauliza.

"Mimi, mwanangu," bibi akasema. "Nakungoja wewe uniambie lini."

Mkuu akasogea mpaka kitandani. Akamshika bibi mkono. "Nani kakuambia unakufa?"

"Mtani wangu."

Nesi akaweka sinia chini. Mkuu akageuka, miwani ikapanda puani. "Umemwambia nini tena?"

"Hajasema vibaya," bibi akamtetea. "Aliniita bibi yangu mpendwa."

Mpaka wale wa Yasini walinyamaza. Halafu dirishani ikasikika sauti ndogo, kama ya kitu kinachovuja, ikakua, ikawa kicheko. Mama wa Kichaga alikuwa anacheka. Alikuwa ameshika kifua, anacheka, miguu yake iliyovimba inatikisika chini ya shuka. Mwalimu, aliyekuwa anamimina chai, alisahau chupa ikiwa imeinama, chai ikajaa kikombe ikamwagika sakafuni.

"Mama," akasema. "Mama, polepole."

Mkuu wa wodi hakucheka, ila alikaa. Sikuwahi kumwona akikaa. Akavuta kigoda, akazungumza na bibi kwa sauti yake ile ile isiyopanda. Akamwambia ukweli wote. Kwamba hafi. Kwamba mfupa wake ni mzima. Kwamba kitakachomuua ni hicho kitanda. Na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza nesi utani.

"Kwa nini, mwanangu?" Bibi aliuliza kwa upole wa kweli, si ule wa ukuta.

Kabla mkuu hajajibu mwalimu akasimama. "Ni mimi niliyelalamika. Shikamoo, bibi. Nilisikia habari za sanda, na mama yangu amelala hapa, na sikupenda. Na pia..." Akatafuta neno. "Kwenu kulikuwa na furaha. Kwetu kulikuwa na vidonge tu."

Nesi akainamisha kichwa. Bibi akageuza shingo kwa shida akamtazama jirani yake.

"Mwenzangu, nilikutisha?"

"Sanda ilinitisha kidogo," mama wa Kichaga akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake vizuri. "Lakini tangu mlipoacha humu ndani pamekuwa kama posta, watu wanapanga foleni tu. Mimi nilikuwa nakuangalia unavyokuja na hicho chuma chako. Nilikuwa najisemea huyu atafika kwangu. Halafu ukalala."

Bibi alikuwa anaupima kwa macho umbali wa kitanda chake na dirisha.

Mkuu wa wodi akasimama. "Nisikilizeni, niseme mara moja. Anayetaka kutaniwa aseme mwenyewe, kama huyu alivyosema. Habari za sanda na makaburi, marufuku wodini kwangu, mtani asiwe mtani. Na wewe," akamgeukia nesi, "muda unaompa Mkwere mpe na mama wa dirishani. Kama huna utani naye, kaa umsikilize. Lugha nzuri siyo kuongea kama redio." Akavuta pumzi. "Na hawa ndugu zetu watoke, waje saa ya kuona wagonjwa."

"Na kuku?" binamu akauliza.

"Kuku atangulie."

Wakatoka. Tukabaki sisi. Nesi akasogeza kile kifaa cha vyuma, akaondoa taulo yangu, akasimama mbele ya bibi na hakuna kilichotoka. Unaweza kumfungulia mtu mdomo kwa amri, lakini maneno hayaji kwa amri. "Haya, bibi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Tusimame?"

Nilidhani sasa itakuja ile kesho. Nilishaifumbia macho.

"Ebu mtazameni," bibi akasema. "Babu yake alibeba pembe ya tembo begani toka Tabora mpaka hapa, miezi na miezi, na simba njiani. Huyu kaambiwa amfikishe kikongwe dirishani, anatetemeka! Mnyamwezi gani wewe? Au wewe Mnyamwezi wa kuchanjiwa, si wa kuzaliwa?"

Nesi akauma mdomo. Akamtazama mkuu wa wodi. Mkuu akawa anasafisha miwani yake, anaitazama kwenye mwanga.

"Babu alibeba ile pembe," nesi akasema, "kwa sababu haikuwa na mdomo. Ingekuwa inaongea kama wewe angeitupa Kilosa."

"Wapi, we! Mngeitupa Dodoma, hamna nguvu!"

Na bibi alikuwa ameshasimama. Sijui alisimama saa ngapi. Vidole vyake vimekaza kwenye chuma, jasho linamtoka juu ya mdomo, na matusi yanamtoka pia. Nesi alikuwa ubavuni mwake, kiganja kimoja kimelala mgongoni bila kusukuma. Bibi akapita miguuni mwa kitanda chake, pale alipozoea kugeuzia. Akasimama. Nikasikia mwalimu amevuta pumzi na hakuitoa. Bibi akasogeza chuma mbele, akauvuta ule mguu wenye chuma ndani, akasogeza tena.

"Njoo," mama wa Kichaga akasema. "Nakuwekea nafasi." Akaanza kuisukuma miguu yake upande kwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu akamsaidia.

Bibi akafika. Akageuzwa, akashushwa taratibu mpaka akakaa kwenye kitanda cha dirishani, akihema kama aliyetoka kutwanga. Hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilikuwa nalia, kwa hiyo sikuona vizuri mkuu wa wodi aliondoka saa ngapi. Nesi akachuchumaa mbele yao wote wawili. Kwanza akamtazama bibi nyayo, kisha akaibonyeza miguu ya jirani kwa kidole gumba, akaangalia shimo linavyojaa, na akabaki hapo hapo chini, hakuinuka kuondoka.

"Na wewe mama yangu," akamuuliza, "nyumbani Rombo asubuhi kama hii ungekuwa unafanya nini?"

Mama wa Kichaga akafikiri. "Ningekuwa nakata majani ya ng'ombe," akasema. Akaeleza majani gani, na ng'ombe mwenyewe ana tabia gani, na mgomba upi anaupenda kuliko mwingine. Aliongea zaidi ya siku zote nilizomjua. Kisha akamgeukia bibi, macho yamechangamka.

"Mwenzangu, hivi wewe pombe yetu ya mbege umewahi kuonja?"

"Mama!" mwalimu akaruka. "Bibi ni Mwislamu! Utamuulizaje hivyo?"

"Mwache, mwalimu," bibi akasema, akijipangusa jasho kwa ncha ya kanga. "Mwache aulize. Huoni anatafuta mtani?"